Kaswende: Ni Wangapi Kati Yetu?

Siku moja ukingoja zamu yako juu ya benchi ya dispensari hapa Kasungami, watazame watu waliokaa pamoja nawe. Mama mmoja ameleta mtoto mwenye homa. Baba mmoja ana kikohozi. Kijana mmoja ana kidonda mguuni. Dada mwenye mimba amekuja kupimwa. Sasa jiulize: ni nani kati yao mwenye kaswende? Huwezi kujua. Hata munganga hawezi kujua kwa macho tu. Pengine mwenye ugonjwa mwenyewe hajui.

Walipohesabu kwa macho

Zamani watu walijaribu kuhesabu bila kupima damu. Katika nchi ya Uganda, Albert Cook, munganga wa misioni ya Kiprotestanti, alianzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Wagonjwa wengi walikuja na vidonda, na wengi waliandikwa kuwa wana kaswende. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, munganga wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda wana ugonjwa huo. Habari hiyo ilileta hofu na aibu kubwa.

Lakini hesabu hiyo haikuwa ya kuaminika, kwa sababu mbili. Kwanza, wanaokuja hospitalini ni wagonjwa. Ukihesabu nguo zilizoletwa kwa fundi wa kushona, utadhani mji wote umevaa nguo zilizopasuka. Pili, kuna ugonjwa mwingine uitwao buba. Kidudu cha buba ni ndugu wa kidudu cha kaswende, na vidonda vyake huweza kufanana. Lakini buba huwapata hasa watoto, kwa kugusana ngozi, wala si kwa zinaa. Waganga waliokuja baadaye waliona kwamba wengi walioandikwa kuwa na kaswende yaelekea walikuwa na ugonjwa usio wa zinaa. Basi huenda watu wengi walitwikwa aibu bure.

Kwa hiyo tusimhukumu mtu kwa kidonda chake. Wala tusimsifu mwingine kuwa mzima kwa sababu ngozi yake ni safi.

Ugonjwa unaojificha

Kaswende huanza kwa kidonda kimoja kisichouma, mara nyingi katika sehemu za siri. Huonekana kama juma la tatu baada ya kulala na mtu mwenye ugonjwa. Baada ya majuma machache kidonda hupona chenyewe, hata bila dawa. Mtu hufurahi na kusema, “Nimepona.” Lakini kidudu kimeingia katika damu.

Baadaye vipele huweza kutokea mwilini, hata katika viganja vya mikono na nyayo za miguu. Hivyo navyo hupotea. Kisha ugonjwa hukaa kimya, pengine miaka mingi. Kwa watu wengine huamka tena na kuharibu moyo, macho au ubongo.

Kaswende haiambukizi kwa kiti, wala kijiko, wala choo. Huambukiza kwa kulala na mtu mwenye ugonjwa, na mama huweza kumpa mtoto aliye tumboni.

Mtoto aliye tumboni

Hapo ndipo hatari iliyo kubwa. Huko Mwanza, Tanzania, waganga waliwapima damu mama wenye mimba na kuwafuata mpaka kuzaa. Habari zao zilitolewa mwaka 2002. Kati ya mama ambao damu yao ilionyesha kaswende yenye nguvu, nao hawakutibiwa, mmoja katika kila 4 alizaa mtoto mfu. Lakini mama waliopimwa mapema na kupata sindano moja ya penisilini walizaa kama mama wasio na kaswende.

Fikiri, ndugu. Ni mama wangapi waliolia kaburini, na majirani wakasema wamerogwa? Si uchawi kila mara. Pengine ilikuwa kidudu ambacho sindano moja ingekiua.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa zamani tu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wazima milioni 8 waliambukizwa kaswende duniani.

Kipimo na dawa

Kipimo cha siku hizi ni chepesi. Huchukuliwa tone la damu kidoleni, na jibu hupatikana kabla hujaondoka. Tangu mwaka 1943, penisilini ilipojaribiwa kwa ugonjwa huu kule Marekani, dawa yake imejulikana. Kaswende iliyo mpya huponywa kwa sindano moja ya penisilini ya kukaa mwilini. Iliyo ya zamani huhitaji sindano 3, moja kila juma. Ikiwa penisilini iliwahi kukudhuru, umwambie munganga kwanza. Usinunue vidonge sokoni kwa kubahatisha.

Mama mwenye mimba, usingoje mpaka tumbo liwe kubwa. Nenda upimwe katika miezi ya kwanza, na uulize, “Damu yangu imepimwa kaswende?” Baba, nenda pamoja naye. Mke akitibiwa peke yake, na mume akikaa na ugonjwa, atampa tena. Mmngoje mpaka nyote wawili mmemaliza dawa na munganga amewaruhusu. Tena, aliyepona huweza kuambukizwa mara ya pili. Mume na mke wanaopima pamoja na kukaa waaminifu wanailinda nyumba yao.

Nanyi mnaokaa pamoja kanisani, msiwanong’one wanaoingia chumba cha kupimia. Aibu huwafukuza watu mbali na sindano, na mtoto asiye na kosa ndiye anayelipa.

Basi, ni wangapi kati yetu wenye kaswende? Macho hayawezi kujibu. Damu itajibu. Nenda upimwe.