Fomu ya aleji iko ofisini, mwiko uko jikoni

Mzazi wa Turwa, mjini Tarime, anayempeleka mwanawe chuo kikuu kwa mara ya kwanza huwa na orodha ndefu: ada, godoro, ndoo, bima ya afya, nauli. Kwenye makaratasi ya kujiunga ipo pia fomu ya uchunguzi wa afya, inayojazwa na daktari na kugongwa mhuri. Kama mtoto ana mzio wa chakula, yaani aleji, huandikwa humo. Mzazi hushusha pumzi akiamini kazi imekwisha.

Bado. Fomu ile huishia kwenye faili la ofisi au zahanati ya chuo. Anayepakua maharage saa saba mchana hajawahi kuiona. Kantini nyingi za vyuo huendeshwa na wazabuni, wapishi hubadilika, na mfuko ukikauka mwanafunzi hula kwa mama lishe nje ya geti.

Nyumbani ilikuwa rahisi. Mama akishajua kwamba karanga humvimbisha mwanawe midomo, haziweki kwenye mboga, basi. Kwenye sufuria ya watu mia mbili karanga hazionekani. Zimesagwa ndani ya kisamvu, au zimechanganywa na soya katika unga wa uji wa lishe. Kanda ya Ziwa unga huo wakati mwingine hutiwa dagaa waliosagwa, jambo jema kwa mtoto mwenye utapiamlo lakini hatari kwa mwenye mzio wa samaki. Chipsi nazo zinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaleyale yaliyotoka kukaanga sangara. Na moto wa jiko hauondoi mzio wa karanga.

Si kila tumbo linalosumbua ni aleji. Watu wazima wengi hujaa gesi au kuharisha wakinywa maziwa kwa sababu mwili hausagi vizuri sukari iliyomo. Hilo ni kero, haliui. Mzio ni kinga ya mwili kukishambulia chakula kana kwamba ni adui. Ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi mtu anaweza kutoka vipele, kuvimba midomo na ulimi, kutapika, kukohoa, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu. Wengi hukimbilia Piritoni. Kidonge hicho hupunguza muwasho, lakini hakifungui njia ya hewa iliyoziba wala hakipandishi presha iliyoshuka. Dawa ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini, na mgonjwa hukimbizwa hospitali hata akionekana kupata nafuu, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Marekani suala hili lilifika serikalini. Chuo Kikuu cha Lesley, Massachusetts, kiliwataka wanafunzi wanaoishi chuoni kulipia chakula, wakati wenye mzio na wasioweza kula ngano hawakupata cha kula kwa usalama. Desemba 2012 chuo kilikubaliana na Wizara ya Sheria kuandaa milo salama, kutenga sehemu ya kuipikia, kuwafundisha wahudumu na kulipa fidia ya dola 50,000. Siku hizi vyuo vingi vya huko vina wataalamu wa lishe kwenye kumbi za chakula, na wanafunzi wa fani hiyo hujifunza kazi hapohapo jikoni.

Tanzania wanafunzi hao wapo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha shahada ya lishe ya binadamu, na mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo. Kumweka mmoja wao kwenye kantini kwa wiki nane hakuhitaji bajeti kubwa. Angeanza na karatasi ukutani inayosema leo chakula kipi kina karanga, maziwa, mayai, samaki au ngano, na kuhakikisha kila sufuria ina mwiko wake.

Hadi hapo, mwenye mzio ndiye wa kuuliza, na vijana wengi huona aibu, hasa foleni ikiwa ndefu. Mzazi amzoeze kabla ya safari. Wakienda kula mgahawani Tarime, amwache mtoto mwenyewe amuulize mpishi: "Shikamoo mama, mboga hii ina karanga? Nikila navimba koo." Mwenzake wa chumbani naye ajue, pamoja na namba ya bodaboda wa kumfikisha hospitali usiku.