Uhuru Uliofungiwa Ndani ya Simu

Hapana chombo kinachokaa karibu na mfanyakazi leo kuliko simu yake. Jembe huwekwa ghalani jioni na nyundo hubaki kiwandani, lakini simu hulala kando ya mto wa mwenyewe. Mna mshahara wake ndani, mna maneno ya mkewe na wanawe, mna taarifa za chama chake cha wafanyakazi. Kwa hiyo si upuuzi kuuliza chombo hiki humtii nani: aliyekinunua, ama aliyekitengeneza?

Kila simu janja huongozwa na programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Hiyo ndiyo iamuayo programu gani nyingine ziruhusiwe kuingia, habari gani zipelekwe kwa mtengenezaji, na simu itaacha lini kupata marekebisho ya usalama. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone, na mwaka huo huo Google ikatangaza mfumo wa Android. Tangu hapo washindani wameanguka mmoja baada ya mwingine. Microsoft iliufunga mfumo wake wa simu mwanzoni mwa mwaka 2020, na huduma za simu za zamani za BlackBerry zilizimwa Januari 2022. Leo simu janja zisizokuwa za Apple wala za Android ni chache mno.

Wako watakaosema kwamba mwenye duka zuri hastahili lawama kwa kupata wateja wengi. Lakini mnamo Julai 2018 Halmashauri ya Umoja wa Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, ikisema kwamba kampuni hiyo iliwalazimisha watengenezaji wa simu waliotaka duka lake la programu wapokee pia programu zake za kutafutia na kusomea kurasa, na tena iliwazuia wasiuze simu zenye Android iliyogeuzwa na watu wengine. Mwaka 2022 mahakama ya Umoja huo iliipunguza faini hadi euro bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya hukumu ikabaki. Jambo hili basi si la wivu wa washindani tu.

Dawa ya ugonjwa huu imekuwa ikipikwa kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alianzisha kazi ya kutengeneza programu huria, yaani programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyasoma maandishi yake, kuyarekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha Linux. Ajabu ni kwamba Android yenyewe imejengwa juu ya kiini hicho. Msingi ulitolewa bure na umma wa mafundi. Ghorofa ya juu ndiyo iliyotiwa kufuli.

Mafundi hao hawakukaa kimya. Mwaka 2013 shirika la Mozilla lilileta sokoni simu za bei nafuu zenye mfumo wa Firefox OS. Mwaka huo huo kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitangaza Ubuntu ya simu, yenye jina ambalo ni ndugu wa neno letu "utu". Lakini Desemba 2015 Mozilla iliacha kuuza simu, na Aprili 2017 Canonical nayo ikasimama. Wenye kujitolea wa UBports ndio walioichukua kazi hiyo na kuiendeleza.

Kwa nini mambo yaliyoanza kwa nia njema yakakosa watu? Sisi twaona sababu mbili, na haifai kuitaja moja na kuificha nyingine.

Sababu ya kwanza iko langoni. Mtu hanunui mfumo endeshi. Anachonunua ni njia ya kuwafikia wenziwe. Simu isiyo na WhatsApp haimfai dereva ambaye zamu yake hutangazwa humo. KaiOS, iliyozaliwa katika mabaki ya Firefox OS ingawa yenyewe si huria yote, ilifika hadi Tanzania mwaka 2019 ndani ya simu ya Smart Kitochi ya Vodacom. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa na vitufe, bei yake ilikuwa ndogo, na WhatsApp ilikuwamo. Mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka la programu la KaiOS, na thamani ya vitochi hivyo ikapungua mikononi mwa wenyewe, ingawa havikuharibika hata kidogo. Hali kadhalika ziko programu za benki zinazokataa kufanya kazi katika simu ambayo Google haikuithibitisha.

Sababu ya pili ni ya mafundi wenyewe, na hapa twasema bila kuficha. Fundi wa programu huria mara nyingi hushona nguo kwa kipimo cha mwili wake. Kwake yeye, kuandika amri kumi ni mchezo. Kwa karani aliyechoka ni ukuta. Palipo na ubishi juu ya njia mbili, huziweka zote mbili na kumwachia mtumiaji achague, mpaka orodha ya uchaguzi ikawa ndefu kama ya abiria wa meli. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwaketisha watu mbele ya GNOME, programu huria ya kuendeshea kompyuta, ikatazama wanavyohangaika. Mwaka uliofuata GNOME ilitoka upya, vitu vingi vya kuchagua vikiwa vimepunguzwa. Mabingwa walinung'unika, lakini mgeni akaanza kuona njia.

Hebu tutazame simu sasa. Anayetaka kuweka mfumo huria kama LineageOS katika simu yake hana budi kuwa na kompyuta na waya, aifungue kufuli ya kuwashia, akubali kufutwa kila kitu kilichomo, kisha achague faili la aina yake hasa ya simu. Akikosea aweza kubaki na kipande cha kioo. Baada ya hayo yote, huenda akakuta simu yake haimo katika orodha, maana simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki hazimo, na watengenezaji wa vipuri vyake hawatoi maandishi yanayohitajika. Kumwambia mtu huyo kwamba yu huru ni kumpa barua asiyoweza kuifungua.

Lakini mifano mizuri ipo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bila kungoja ruhusa ya tajiri yeyote, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi. Huko Uholanzi, simu za Fairphone zaweza kununuliwa zikiwa na mfumo wa /e/OS umekwisha kuwekwa, mnunuzi asihangaike na waya. Na hapa kwetu, mama muuza samaki hupiga *150*00#, menyu ya Kiswahili ikamjia, akatuma fedha. Menyu ile haiulizi simu ni ya kampuni gani. Imeenea kwa sababu ni nyepesi na hupita katika simu ya kila mtu.

Kwa hiyo twawaambia mafundi: kabla ya kuongeza jambo jipya, mketisheni mtu asiye fundi, mtazame anakwama wapi, kisha rekebisheni hapo kwanza. Benki na idara za umma nazo zisiufunge mlango wa huduma kwa wateja wa makampuni mawili. Kila huduma iwe na njia ya menyu fupi au ya ukurasa wa intaneti ufunguliwao na simu yoyote. Na wewe, ndugu msomaji, ukienda dukani usiulize bei na kamera peke yake. Uliza simu hii itapata marekebisho kwa miaka mingapi, na je, mwenye kuinunua ataruhusiwa kubadili mfumo wake? Muuzaji akiulizwa na wanunuzi mia, atalazimika kumuuliza aliyemletea.