Kwa nini Wikipedia humwuliza mtaalamu, 'Imechapishwa wapi?'

Mteja anayeagiza ngege katika mkahawa wa Pap Onditi, eneo la Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, huletewa samaki ambaye kila mtu mezani anamtambua. Mchuuzi humwita ngege, mvuvi aliyemtoa Ziwa Victoria humwita ngege, na mpishi hana jina jingine la kumpa. Hata hivyo, mtaalamu wa samaki akiketi kwenye meza hiyo hiyo huenda akasema kwamba aliyemo sahanini si ngege hata kidogo.

Kwa mtaalamu huyo, ngege halisi ni Oreochromis esculentus, samaki wa asili wa ziwa hilo aliyepewa jina la kisayansi na Michael Graham mwaka 1928, enzi za ukoloni. Samaki huyo nusura atoweke kabisa ziwani kutokana na uvuvi wa kupindukia na kuletwa kwa mbuta na aina nyingine za samaki kuanzia miaka ya 1950. Leo hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya kandokando, mathalani Kanyaboli katika Kaunti ya Siaya. Anayeuzwa sokoni kwa jina la ngege ni, kwa sehemu kubwa, Oreochromis niloticus, mgeni aliyepandikizwa ziwani, ambaye wenyeji wa Mwanza humwita sato.

Tuseme sasa kwamba mvuvi na mtaalamu, kila mmoja kwa wakati wake, wanafungua kamusi elezo ya mtandaoni ya Wikipedia, wanakuta makala yanayohusu samaki huyo, na kila mmoja anabonyeza neno 'hariri' ili kusahihisha analoliona kuwa kosa. Wote wawili wanasema kweli, mmoja kuhusu lugha ya soko na mwingine kuhusu ukoo wa samaki. Lakini iwapo hakuna aliyetaja kitabu, jarida au ripoti iliyochapishwa, yaelekea masahihisho yao wote wawili yatafutwa, pengine katika muda wa dakika chache, na mtu wasiyemjua ambaye huenda hajawahi kuliona Ziwa Victoria.

Hapo ndipo malalamiko huanzia. Mtu aliyetumia miaka thelathini kusoma jambo moja hukasirika kuona neno lake likifutwa na mtu wa kujitolea anayejificha nyuma ya jina la kupanga. Ili kuelewa kwa nini mambo huenda hivyo, ni lazima kujua sheria tatu za kamusi hiyo, iliyoanzishwa mwezi Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Kila jambo linaloweza kupingwa lazima lithibitishwe kwa chanzo kilichochapishwa na kinachoaminika. Utafiti mpya, hata ukiwa sahihi, hautangazwi humo kwa mara ya kwanza. Na mitazamo hupewa nafasi kulingana na uzito wake katika maandishi ya wataalamu. Hakuna mahali ambapo sheria hizo zinauliza shahada ya anayeandika.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya Wikipedia, waanzilishi hao hao walikuwa na Nupedia, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambamo makala yalipitia hatua kadhaa za ukaguzi wa wataalamu kabla ya kutolewa. Hadi ilipofungwa mwaka 2003, makala yaliyokamilika hayakufika thelathini. Sanger, ambaye baadaye alitofautiana na mkondo wa Wikipedia, alianzisha Citizendium ili kuwarudishia wataalamu usukani. Mradi huo nao haukupata kuikaribia Wikipedia kwa ukubwa wala kwa idadi ya wasomaji.

Sababu nyingine ni kwamba mtandaoni cheo hakithibitishwi kwa urahisi. Mwaka 2006 jarida la The New Yorker la Marekani lilimtaja mhariri mmoja wa Wikipedia, aliyejiita Essjay, kuwa profesa wa dini. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na uprofesa wowote, na alikuwa amekitumia cheo hicho cha uongo katika mabishano na wahariri wenzake. Aibu hiyo iliwapa nguvu waliokuwa wakisema kwamba swali la kuuliza si 'wewe ni nani?' bali 'imechapishwa wapi?'

Msimamo huo una gharama yake, na kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha mwandishi Philip Roth. Mwaka 2012 alitaka kuondoa maelezo yaliyodai kwamba mhusika mkuu wa riwaya yake ya mwaka 2000, The Human Stain, alitokana na maisha ya mwandishi Anatole Broyard. Roth alisema chimbuko lake lilikuwa mkasa uliompata rafiki yake Melvin Tumin, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Princeton. Akajibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi, kwa kuwa vilihitajika vyanzo vingine. Roth aliandika barua ya wazi, The New Yorker likaichapisha, na baada ya hapo makala yakaongezewa maelezo yake, barua hiyo ikiwa ndiyo chanzo. Alichokisema hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kilikuwa kimechapishwa mahali ambapo msomaji yeyote angeweza kukithibitisha.

Kisa cha mwanahistoria Timothy Messer-Kruse ni kizito zaidi, kwa sababu kinaonyesha kwamba hata kuchapisha kunaweza kusitoshe. Baada ya kusoma kumbukumbu za kesi iliyofuata ghasia za Haymarket, Chicago, mwaka 1886, aliona makala ya Wikipedia yakidai kwamba upande wa mashtaka haukutoa ushahidi wa kuwahusisha washtakiwa na bomu lililolipuka, ilhali kesi ilichukua wiki sita na mashahidi 118 walisikilizwa. Alisahihisha, akafutiwa. Aliambiwa asubiri utafiti wake uchapishwe. Kitabu kilipotoka mwaka 2011 alirudi, akaambiwa kwamba kitabu kimoja hakiwezi kupindua maoni ya vitabu vingi vilivyokitangulia. Aliyaeleza hayo hadharani mwaka 2012, mjadala ukawaka, na makala yakafanyiwa marekebisho. Waliomzuia walifuata sheria ya uzito wa vyanzo barabara, lakini ni vigumu kusema walimtendea haki msomaji aliyetaka kujua lililotokea mahakamani.

Kwa upande mwingine, wataalamu wakitoa orodha ya makosa pamoja na vyanzo, kazi huenda haraka. Mwezi Desemba 2005 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kuwapa wataalamu makala 42 ya sayansi kutoka Wikipedia na mengine kama hayo kutoka Encyclopaedia Britannica bila kuwaambia yametoka wapi. Walihesabu dosari 162 katika Wikipedia na 123 katika Britannica. Wachapishaji wa Britannica walipinga mbinu za uchunguzi huo. Wahariri wa Wikipedia, kwa upande wao, waliichukua orodha na kuanza kusahihisha kipengele kimoja baada ya kingine.

Habari za watu walio hai zina utaratibu wao. Mwaka huo huo wa 2005, mwanahabari mkongwe wa Marekani John Seigenthaler aligundua kwamba makala yanayomhusu yalikuwa yamemhusisha kwa uongo na mauaji ya akina Kennedy, na kwamba uongo huo ulikaa kwa miezi kadhaa bila kuondolewa. Tangu hapo sheria zilikazwa. Tuhuma isiyo na chanzo kuhusu mtu aliye hai hufutwa mara moja bila kungoja mjadala, na mhusika anaweza kuwaandikia barua pepe watu wa kujitolea wanaoshughulikia malalamiko ya aina hiyo.

Rejea Pap Onditi. Makala mengi ya Wikipedia kuhusu miji midogo na vijiji vya Kenya yalianza yakiwa sentensi moja au mbili zinazotaja mkoa au wilaya. Kwa kuwa mikoa ilipoteza nafasi yake katika utawala baada ya Katiba ya 2010, na kaunti zikaanza kazi kufuatia uchaguzi wa Machi 2013, sentensi za aina hiyo zilihitaji kubadilishwa. Masahihisho hayo hayana ugomvi. Anayeandika kwamba Pap Onditi imo katika Kaunti ya Kisumu anaweza kutaja gazeti rasmi la serikali au matokeo ya sensa ya 2019, na hakuna wa kumpinga.

Ugumu huanza pale mzee wa Nyakach anapotaka kueleza jina la mahali lilikotoka. Katika Dholuo, 'pap' ni uwanda. Onditi alikuwa nani, aliufikiaje uwanda huo, na ni ukoo gani uliomtangulia? Majibu ya maswali kama hayo hukaa vichwani mwa wazee na husimuliwa penye msiba au penye ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kwa sheria za kamusi, mzee huyo yuko katika hali ya Roth, ila hana jarida la New York la kumchapishia barua. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza jaribio la kurekodi masimulizi ya mdomo nchini India na Afrika Kusini ili sauti zilizorekodiwa zitumike kama vyanzo. Wahariri wengi wa Wikipedia ya Kiingereza hawakukubali, wakihoji ni nani atakayepima ukweli wa anayehojiwa.

Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa yeyote ajuaye jinsi masimulizi ya ukoo mmoja yanavyoweza kumeza ardhi ya ukoo mwingine. Lakini karatasi nayo hudanganya. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Marekani aliongeza kwa mzaha, katika makala kuhusu mnyama aitwaye coati, kwamba huitwa pia mhanga wa Brazili. Magazeti kadhaa yaliunakili mzaha huo, kisha yakatajwa kuwa ushahidi wake. Wenye kazi ya kuhariri magazeti wana sababu ya kukikumbuka kisa hicho kabla ya kunakili.

Njia iliyofanikiwa katika ukanda wa ziwa ni ya zamani kuliko kompyuta za mezani. Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyezaliwa Gem mwaka 1929 na kufariki Januari 2025, alikusanya masimulizi ya wazee, akayalinganisha ukoo kwa ukoo, na mwaka 1967 akachapisha History of the Southern Luo. Wakati huo walikuwapo wasomi waliotilia shaka kwamba historia ya Afrika ingeweza kuandikwa kwa maneno ya mdomo. Leo mhariri wa Wikipedia anayeandika juu ya kuhama kwa Wajaluo anaweza kutaja kitabu hicho, na maneno ya wazee wale yanapita.

Kwa mtaalamu wa samaki au mwalimu wa historia anayetaka kusahihisha sasa, lililo salama zaidi ni kuanzia ukurasa wa majadiliano ulioambatanishwa na kila makala, kueleza kosa, kutaja chapisho na ukurasa wake, na kuacha wengine waamue. Akitaja kazi yake mwenyewe, na aseme wazi kuwa ni yake. Hairuhusiwi kuirundika kila mahali, lakini haikatazwi inapohusika. Data iliyo kwenye daftari la utafiti haitakubaliwa, ripoti iliyochapishwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya itakubaliwa. Katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, wahariri wa kudumu ni wachache mno wakilinganishwa na wa Kiingereza, hivyo anayeuliza swali huenda akangoja jibu kwa muda mrefu, na anayejua jambo ana nafasi kubwa zaidi ya kuandika makala yenyewe.

Nao wanafunzi wa vyuo vikuu wanaowarekodi wazee wa Nyakach kwa ajili ya tasnifu zao wanapaswa kujua kwamba, kwa kanuni za Wikipedia ya Kiingereza, tasnifu ya uzamifu huhesabiwa kuwa chanzo, lakini ya uzamili hukubaliwa tu ikithibitika kwamba wasomi wengine wameitumia.