Je, Wajua? Kikapu cha Vyuo, Kutoka Storrs Hadi Vwawa

Mwezi Novemba, mvua zikianza kushika Mbozi na watu wakishika majembe kupanda mahindi, vyuo vikuu vya Marekani hufungua msimu wa mpira wa kikapu wa wanaume. Msimu huo hufungwa mwanzoni mwa Aprili, mahindi yetu yakiwa yamekomaa shambani. Leo safu hii inaupitia msimu huo, watu wa ukanda wetu walioutikisa, na jambo moja ambalo Mkoa wa Songwe unaweza kulichukua kwao bila kusubiri mfadhili.

MWANZO WAKE

Je, wajua kwamba kikapu kilizaliwa chuoni? Desemba 1891, mjini Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alitafuta mchezo wa kuchezea ndani wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda ya pichi, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi wake 18 katika timu mbili za watu tisa tisa. Mchezo wa kwanza ulimalizika kwa bao 1-0.

Mpira wenyewe ulikuwa wa soka.

Timu za watu watano watano kwenye mechi za vyuo zilionekana kwa mara ya kwanza Januari 18, 1896, Chuo Kikuu cha Chicago kilipoifunga Iowa 15-12.

Naismith baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akawa kocha wake wa kwanza wa kikapu. Huyo aliyeubuni mchezo ndiye kocha pekee katika historia ya Kansas aliyeondoka akiwa amefungwa mara nyingi kuliko alizoshinda: ushindi 55, vipigo 60.

RINGI NA KIMONDO

Ringi ya kikapu iko mita 3.05 kutoka ardhini, na haijapanda wala kushuka tangu siku za Naismith. Ukitaka kuiona kwa jicho la Mbozi, nenda Ndolezi ukasimame kando ya kimondo chetu cha chuma, chenye urefu wa karibu mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Kisimamishe wima kwa fikra. Ncha yake itakaribia kugusa ringi.

Hasheem Thabeet, mchezaji wa kikapu mzaliwa wa Dar es Salaam, ana urefu wa mita 2.21. Akisimama chini ya ringi bila kunyoosha mkono, kati ya utosi wake na chuma hubaki sentimita 84 tu.

KANDA NI NINI?

Vyuo vya daraja la kwanza vya Marekani vyenye timu za wanaume ni zaidi ya 350, vimegawanyika katika kanda zaidi ya 30. Kanda ni umoja wa vyuo vilivyokubaliana kukutana kila mwaka kwa ratiba moja, nyumbani na ugenini. Kila kanda ina msimamo wake, bingwa wake na watani wake wa jadi.

Ratiba ya kanda ikiisha, kanda hucheza mashindano yake ya mtoano. Bingwa wa mtoano huo hupata tiketi ya moja kwa moja ya kwenda mashindano ya taifa, hata kama katika msimamo alikuwa mkiani.

Mashindano ya taifa yalianza mwaka 1939 kwa timu nane tu, Oregon ikaifunga Ohio State 46-33 katika fainali. Kufikia mwaka 2011, timu zilikuwa 68.

Big East, kanda iliyoanzishwa mwaka 1979, mwaka 1985 iliingiza timu tatu kati ya nne za nusu fainali ya taifa. Fainali ilikuwa yao wenyewe kwa wenyewe: Villanova 66, Georgetown 64.

Mwaka 2011, UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, ilimaliza ya tisa katika Big East kwa ushindi tisa na vipigo tisa. Ikaingia mtoano, ikashinda mechi tano kwa siku tano mfululizo ikiongozwa na Kemba Walker, kisha ikabeba na ubingwa wa taifa. Kwa hiyo timu ya shule iliyoanza vibaya isikate tamaa mwezi wa kwanza.

MTANZANIA KATIKA BIG EAST

Thabeet alisoma Makongo, Dar es Salaam, na alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15. Akapitia Kenya, akavuka hadi sekondari ya Cypress Christian huko Texas, na mwaka 2006 akajiunga na UConn.

Mwaka 2008 na 2009 alikuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi wa Big East. Mwaka 2009 alikuwa pia Mchezaji Bora wa kanda, akigawana tuzo na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Wachezaji wanaofikisha tarakimu mbili kwa kuzuia mitupo ni wachache mno.

Katika misimu mitatu pale UConn alizuia mitupo 417. Mbele yake katika historia ya chuo hicho yuko Emeka Okafor pekee.

Siku mbaya pia zilikuwepo. Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Pittsburgh iliifunga UConn 76-68. Blair, mfupi kwake kwa karibu kichwa kizima, aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi tano na ribaundi nne. Kanda ina faida hiyo: anayekupiga leo utakutana naye tena mwezi ujao, na utakuwa umejiandaa.

Juni 2009 Memphis Grizzlies ilimchukua akiwa wa pili katika drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya NBA, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

USIKU ULIOFIKA ASUBUHI YA VWAWA

Machi 12, 2009, robo fainali ya mtoano wa Big East, UConn dhidi ya Syracuse, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mechi ilianza saa 3:36 usiku kwa saa za huko. Vwawa ilikuwa saa 10:36 alfajiri ya Ijumaa.

Dakika 40 zikaisha 71-71. Eric Devendorf wa Syracuse alikuwa ametupa mpira wa mwisho ukaingia, akaruka juu ya meza kushangilia. Waamuzi wakarudia picha, wakaona mpira ulikuwa bado mkononi mwake muda ulipoisha. Kikapu kikafutwa.

Zikaongezwa dakika tano. Sare. Tano nyingine. Sare. Ziliongezwa mara sita, na katika tano za mwanzo Syracuse haikuwahi kuongoza hata mara moja. Wachezaji wanane walitolewa kwa kutimiza faulo tano, Thabeet akiwa mmoja wao. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70.

Syracuse ilishinda 127-117. Kule ilikuwa saa 7:22 usiku; hapa ilikuwa saa 2:22 asubuhi, wanafunzi wako darasani na magari ya mizigo yamekwishapanga foleni kuelekea mpaka wa Tunduma.

Mechi ndefu kuliko hiyo katika daraja la kwanza ni moja tu: Cincinnati na Bradley, Desemba 21, 1981, ziliongezewa muda mara saba. Cincinnati ilishinda 75-73.

Kipigo hicho hakikuivunja UConn. Wiki tatu baadaye ilikuwa Detroit, nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Michigan State 82-73. Ilimaliza msimu na ushindi 31 na vipigo vitano.

MAJIRANI ZETU

Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson akamuona. Mwaka 1990 aligawana tuzo ya ulinzi ya Big East na mwenzake Alonzo Mourning. Mwaka 1991 akaitwaa peke yake. Alihitimu shahada ya isimu na diplomasia, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake ilifunguliwa Kinshasa. Alifariki Septemba 30, 2024.

Malori ya shaba unayoyaona yakipita Vwawa kuelekea bandari ya Dar es Salaam, mengi yanatoka Katanga. Huko, katika jiji la Lubumbashi linalozungumza Kiswahili, ndiko alikozaliwa Oscar Tshiebwe. Msimu wa 2021-22, akiwa Kentucky, alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akachaguliwa Mchezaji Bora wa Mwaka wa vyuo vyote vya Marekani.

Machi 17, 2022, Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16, na bado Kentucky ikafungwa 85-79 na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Saint Peter's wakaendelea hadi robo fainali ya taifa, hatua ambayo hakuna timu iliyopangwa chini kiasi kile iliyowahi kuifikia.

Machi 2023, ndugu wawili wenye asili ya Uganda walikutana kugombea nafasi ya nusu fainali ya taifa: Adam Seiko wa San Diego State na Arthur Kaluma wa Creighton. Wote wameichezea timu ya taifa ya Uganda. San Diego State ilishinda 57-56, ikaenda hadi fainali, ikafungwa na UConn 76-59.

SI UREFU PEKEE

Anayetaka kucheza daraja la kwanza lazima awe amefaulu masomo 16 ya msingi ya sekondari, yakiwemo Kiingereza, hisabati na sayansi, kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Mzazi, daftari la hisabati ni sehemu ya vifaa vya mazoezi.

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Lakini viza ya mwanafunzi wa kigeni inambana. Tshiebwe alifanya kazi zake za matangazo Agosti 2022, timu ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani.

Vyuo vinane vya kanda ya Ivy League, vikiwemo Harvard na Yale, havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Vinacheza daraja la kwanza vivyo hivyo.

SASA TURUDI SONGWE

Storrs, nyumbani kwa UConn, si jiji. Chuo hicho kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, na hadi leo kina ng'ombe wa maziwa na duka la aiskrimu yake. Kina mataji sita ya taifa ya wanaume: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Mji wa wakulima unaweza kulea mabingwa.

Songwe ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa. Kabla ya hapo, kijana wa Mbozi aliyeng'ara katika michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, alivaa jezi ya Mbeya. Leo mkoa una timu yake.

Tanzania nayo imesogea. Dar City ilifuzu kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, msimu wa 2026.

Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka kwenye ringi, na tangu msimu wa 2019-20 vyuo vya wanaume vya Marekani vinatumia umbali huohuo. Anayejifunza kutupa Vwawa anajifunza mtupo uleule unaotumika kule.

Penye eneo dogo, kikapu cha watatu kwa watatu kinahitaji mita 15 kwa 11 na ringi moja. Mchezo ni dakika 10, au wa kwanza kufikisha pointi 21. Uliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo.

Viwanja vyetu vingi viko wazi, kwa hiyo msimu wa Wamarekani, unaoangukia masika yetu, hautufai. Juni hadi Oktoba ni kiangazi Songwe, na ndani yake kuna zaidi ya wikiendi 20.

Umbali si kisingizio. Ivy League kwa miaka mingi ilipanga mechi za Ijumaa na Jumamosi mfululizo, ili timu isafiri mara moja, icheze mara mbili, na Jumatatu wanafunzi wawe darasani. Timu ya Ileje ikija Vwawa, siku ya pili imalizie Tunduma.

Sasa fanya hesabu. Songwe ina halmashauri tano: Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma. Kila moja ikitoa shule mbili, tunapata timu 10. Kila timu ikicheza na wenzake tisa nyumbani na ugenini, inakuwa na mechi 18. Hizo ndizo mechi za kanda alizopangiwa Thabeet na wenzake wa UConn katika Big East msimu wa 2008-09: 18, bila pungufu.

Kijana mrefu tunaye, na mfupi mwenye moyo wa Blair tunaye pia. Tunachokosa ni ratiba inayomlazimisha kucheza wiki hii, kusahihisha makosa, na kucheza tena wiki ijayo. Maofisa michezo wa halmashauri zote tano wanaweza kuiandika kwenye karatasi moja kabla ya Juni.