Java Fupi: Lambda, Mikondo na Mipaka Yake

Hadi Machi 2014, Java haikuwa na njia ya kukabidhi kazi ndogo bila kuijengea klasi. Kazi ya kawaida kama kupanga orodha ilitosha kulionyesha tatizo hilo. Orodha ya madeni ya duka ilipotakiwa kupangwa kwa jina la mteja, msimbo uliandikwa hivi:

Collections.sort(madeni, new Comparator<Deni>() {
    @Override
    public int compare(Deni a, Deni b) {
        return a.mteja().compareTo(b.mteja());
    }
});

Kati ya mistari hiyo sita, wenye neno ni ule wa nne tu. Iliyobaki ni urasimu: klasi isiyo na jina inaundwa ili kubeba metodi moja, na metodi yenyewe imebeba tendo moja. Toleo la Java 8 lilifupisha yote hayo kuwa mstari mmoja:

madeni.sort(Comparator.comparing(Deni::mteja));

Nukta pacha mbili zinaelekeza kwenye metodi ambayo tayari ipo. Pasipo na metodi ya kuelekezewa, huandikwa lambda, kwa mfano d -> d.siku() > 30: kigezo kinakaa kushoto kwa mshale na jibu kulia. Aina ya d haitajwi, kwa kuwa kompaila huijua kutokana na orodha yenyewe.

Wazo hili halikuwa geni. Alonzo Church aliiweka misingi ya lambda katika hisabati miaka ya 1930, lugha ya Lisp ikalitumia wazo la fanksheni kama kitu cha kupokezana, na C# ilikuwa na lambda tangu 2007. Java ilichelewa, na sehemu ya sababu ni uzito wa programu zilizokwisha kuandikwa, ambazo hazikupaswa kuvunjika. Timu ya Oracle iliyoongozwa na Brian Goetz haikuongeza aina mpya ya data kwa ajili ya fanksheni. Iliamua kuwa lambda ikubalike popote panapotarajiwa kiolesura chenye metodi moja tu isiyo na mwili. Huo ndio uamuzi wa werevu zaidi katika toleo lile, kwa sababu maktaba za zamani zilizokuwa zikipokea Comparator au Runnable zilianza kupokea lambda bila kuandikwa upya. Likabaki suala la metodi mpya kama sort na stream, ambazo kuziongeza kwenye violesura vya orodha kungeziharibu klasi zote zinazovitekeleza. Dawa yake ikawa kuviruhusu violesura kubeba metodi zenye mwili.

Sehemu ya pili ya mabadiliko hayo ni mikondo (stream), yaani mfuatano wa hatua ambazo data hupitia. Kupata majina ya wateja ambao madeni yao yamepita siku thelathini, kwa mpangilio wa alfabeti, kulihitaji kuanzisha orodha tupu, kuzungusha kitanzi, kuweka sharti, kujaza orodha, kisha kuipanga. Kwa mkondo:

List<String> majina = madeni.stream()
    .filter(d -> d.siku() > 30)
    .map(Deni::mteja)
    .sorted()
    .toList();

Anayehesabu mistari hataona nafuu kubwa hapa. Kitanzi cha zamani kingechukua mistari saba hivi. Ufupi wa kweli uko kwingine. Katika kitanzi, orodha ya majina huishi nusu tupu nusu imejaa kwa muda wote wa kazi, na msomaji hulazimika kuifuatilia mstari kwa mstari ili kujua ina nini. Katika mkondo, jina majina hupewa thamani mara moja tu, ikiwa kamili. Tena orodha inayotolewa na toList, metodi iliyoingia na Java 16 mwaka 2021, haibadilishiki. Toleo hilohilo lilikamilisha rekodi, ambazo huiwezesha klasi nzima ya mfano huu kuandikwa kwa mstari mmoja:

record Deni(String mteja, int siku, long kiasi) {}

Mkondo pia ni mvivu, na uvivu huo una faida. Hatua kama filter na map hazifanyi lolote mpaka hatua ya mwisho iitwe. Ikiwa hatua ya mwisho ni findFirst, deni la kwanza linalotimiza sharti likipatikana kazi husimama, hata kama orodha ina maelfu ya madeni. Hatua ya sorted haiwezi kufanya hivyo, maana hakuna anayejua jina la kwanza kabla ya kuyaona yote.

Mipaka nayo ipo, na baadhi yake inaudhi. Lambda haiwezi kutumia kigeu cha ndani cha metodi iliyoizunguka ikiwa kigeu hicho hubadilishwa thamani. Kuhesabu jumla kwa kuongeza kigeu cha namna hiyo ndani ya forEach hukataliwa na kompaila. Njia iliyo sawa ni mapToLong(Deni::kiasi).sum(). Metodi inayotangaza hitilafu za lazima kushughulikiwa, kama IOException ya kusoma faili, haiingii ndani ya map bila kuzungushiwa try na catch, na hapo ule ufupi wote hutoweka. Kwa kazi za namna hiyo, kitanzi cha kawaida kinasomeka vizuri zaidi.

Mkondo hutumika mara moja tu. Kuuita tena baada ya hatua ya mwisho huleta IllegalStateException, kwa hiyo kinachofaa kutunzwa au kupokezana kati ya metodi ni orodha yenyewe. Kuhusu parallelStream, ambayo hugawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa, neno moja tu linaloongezwa hushawishi kuitumia ovyo. Kwa kawaida mikondo sambamba ya programu nzima hugawana kundi moja la nyuzi (thread), hivyo mmoja unaosubiri mtandao unaweza kuichelewesha mingine, na kwa orodha fupi gharama ya kugawa kazi huzidi muda unaookolewa.