Chumvi Inayoyeyusha Pamba

Wanangu, tuanze na fumbo. Sukari ukiitia kwenye chai na kuikoroga, imepotea. Shati la pamba ukilifua mwaka mzima, maji hayalimalizi. Na pamba nayo imejengwa kwa sukari! Glukosi kwa maelfu zimeungana moja baada ya nyingine zikawa uzi mmoja mrefu, nao ndio selulosi. Mfaransa Anselme Payen aliitenga kutoka kwenye mimea mwaka 1838.

Siri iko kwenye namna nyuzi hizo zinavyolala. Zimebanana ubavu kwa ubavu kama miyaa ya mkeka uliosukwa na fundi, na kinachozishika ni haidrojeni: ya uzi huu inavutwa na oksijeni ya uzi wa jirani. Mshiko mmoja ni dhaifu. Ikiwa mamilioni, hata maji ya moto hayafui dafu.

Sasa chumvi. Ile ya jikoni, kuiyeyusha bila maji kunataka nyuzijoto 801, maana chembe zake chanya na hasi hujipanga vizuri na kung'ang'aniana. Lakini fanya chembe moja iwe kubwa, yenye mkia upande mmoja. Haipangiki tena, na chumvi yake huwa kimiminika bila moto mkali. Wataalamu huiita kimiminika cha ioni. Mwaka 1914 Paul Walden alieleza moja inayoyeyuka kwa nyuzijoto 12 tu. Dar es Salaam isingeganda hata siku moja.

Mwaka 2002 Robin Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walichukua chumvi ya jamii hiyo yenye kloridi, wakaipasha moto, wakatia selulosi. Ikayeyuka mpaka asilimia 10. Kwa maikrowevu ikafika 25. Kazi kubwa ilifanywa na kloridi, ile chembe hasi: ilizinyakua zile haidrojeni, nyuzi zikaachana.

Hapo ndipo utando wa selulosi wenye vitundu unapozaliwa, na hapa mtulie kidogo. Mmumunyo huo mzito, unaotiririka kwa uvivu, humwagwa juu ya kioo na kusawazishwa mpaka libaki tabaka jembamba. Kisha kioo huzamishwa kwenye beseni la maji. Chumvi inakimbilia nje, maji yanaingia kushika nafasi yake, kloridi inaziachia haidrojeni, na nyuzi zinarudiana papo hapo, ovyo ovyo, popote zilipokutana. Utando unaganda ukiwa mwororo, na palipokuwa na chumvi sasa pana maji. Hivyo vijumba vya maji ndivyo vitundu vyetu, vingi vidogo mno kwa jicho.

Msishangilie mapema. Ukiuanika hivi hivi, vitundu vinakufa. Maji yanapopungua ndani ya kitundu chembamba, uso wake unavuta kuta zikaribiane. Kuta zikigusana, haidrojeni zinashikana tena, kitundu kimezibika. Unabaki na karatasi kavu, angavu. Anayetaka cha kufungia biskuti atafurahi. Anayetaka chujio amepata hasara.

Kwa hiyo utando hugandishwa haraka, kabla barafu haijakua na kupasua matundu makubwa, kisha huwekwa mahali palipoondolewa hewa. Barafu inageuka mvuke bila kupita kwenye maji, na kuta zinakosa wa kuzivuta. Utando hutoka mwepesi na mweupe. Weupe huo, ambao mimi naupenda kuliko matumizi yake yote, si rangi: ni mwanga unaogonga vitundu na kutawanyika. Watafiti wanaujaribu katika kuchuja, kufunika vidonda, hata kutenganisha ncha mbili ndani ya betri.

Na chumvi? Imo kwenye beseni, tena ni ghali, haimwagwi. Kwa kuwa yenyewe karibu haitoi mvuke, maji huchemshwa yakaondoka, ikabaki. Kuchemsha maji yote hayo kunakula nishati nyingi, na wenye viwanda wanakuna vichwa. Wala kutotoa mvuke hakuifanyi iwe salama: baadhi ya chumvi hizi zikifika mtoni huwadhuru samaki.