Pito la Stelvio: Kwa Nini Baiskeli na Miguu Hutafuta Njia Tofauti

Pito la Stelvio liko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, kaskazini mwa Italia, karibu kabisa na mpaka wa Uswisi. Kati ya barabara za lami zinazokatiza mapito ya milima ya Alpi, ile ya Iseran nchini Ufaransa pekee ndiyo inayoizidi ya Stelvio kwa kimo, nayo kwa mita chache tu. Upande wa mashariki, kuanzia kijiji cha Prato, barabara hupanda takriban mita 1,840 katika umbali wa kilomita 24 hivi na kupinda kona kali 48. Kona hizo zina namba zilizoandikwa kando ya barabara, zikihesabiwa kurudi nyuma: ya kwanza kukutana nayo ni namba 48, ya mwisho ni namba 1. Kwa mwendesha baiskeli aliyechoka, hesabu hiyo ni faraja na adhabu kwa pamoja.

Barabara hii haikujengwa kwa ajili ya mandhari. Mwaka 1815, baada ya vita vya Napoleon, jimbo la Lombardia liliwekwa chini ya Milki ya Austria, na watawala wa Vienna wakahitaji njia fupi ya kuliunganisha na Tirol bila kupita katika ardhi ya nchi nyingine. Kazi alipewa mhandisi Carlo Donegani, naye akaikamilisha kati ya 1820 na 1825. Miaka 34 tu baadaye Austria iliipoteza Lombardia, na barabara iliyojengwa ndani ya dola moja ikajikuta inakatwa na mpaka juu kabisa ya pito. Hali hiyo ilidumu hadi 1919, pale Tirol ya Kusini ilipotolewa kwa Italia. Upande wa Prato watu bado huzungumza Kijerumani na huliita pito hilo Stilfser Joch. Upande wa pili, kwenye mji wa Bormio, ni Kiitaliano kitupu.

Jambo lililoamua sura ya barabara ni farasi. Magari ya posta ya wakati huo yalivutwa na farasi, na farasi mwenye mzigo hawezi kuvuta kwa saa nyingi kwenye mwinuko mkali. Donegani alilazimika kuulaza mwinuko kwa kuirefusha njia, na mahali ambapo bonde limebana hakuna namna ya kurefusha njia isipokuwa kuikunja. Ndiyo maana juu ya Franzenshöhe, kwenye mita 2,188 hivi, ambako bonde huishia kwenye ukuta wa mlima, kona zimepangana moja juu ya nyingine huku zikishikiliwa na kuta za mawe. Wastani wa mwinuko wa njia nzima ni kama asilimia 7.5, maana yake kila mita 100 za barabara hupanda mita saba na nusu. Donegani hakuwahi kuiona baiskeli, lakini kipimo alichowawekea farasi kinaifaa mno.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpanda baiskeli mwenye kilo 70, akiwa juu ya baiskeli na vifaa vya kilo 10, lazima ainue kilo 80 kwa mita 1,840. Kuishinda nguvu ya uvutano peke yake kunahitaji takriban jouli milioni 1.4. Akipanda kwa saa mbili, miguu yake inatoa wati 200 bila kukoma. Akichukua saa tatu, kama wati 130. Misuli ya binadamu hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto. Kwa hiyo safari hiyo hula takriban kilokalori 1,400, ambazo ni zaidi kidogo ya kilo moja ya wali uliopikwa. Upepo na msuguano wa matairi huongeza kidogo juu ya hapo, ila kwa mwendo wa kilomita 10 au 12 kwa saa mzigo mkubwa ni uvutano. Kwa sababu hiyo, katika kupanda, kupunguza kilo kuna faida kuliko kuinamisha mwili kukwepa upepo.

Sasa mtu huyo huyo, mwenye wati zile zile 200, apewe njia yenye mwinuko wa asilimia 25. Mwendo wake utashuka hadi chini ya kilomita 4 kwa saa. Hata akiwa na gia nyepesi ambayo mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu mara moja, yaani mita 2.1 hivi, atakuwa anazungusha pedali mara 30 tu kwa dakika. Kila msukumo unakuwa mzito kama kupanda ngazi ukiwa na gunia mgongoni, gurudumu la mbele linataka kuinuka, na baiskeli, ambayo husimama wima kwa sababu inakwenda, huanza kuyumba. Kwenye asilimia 7.5, pedali hizo hizo huzunguka mara 70 au 80 kwa dakika kwa gia ya kawaida. Nguvu ya mpandaji ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mashine imepata nafasi ya kufanya kazi yake.

Mtembea kwa miguu yuko katika hali tofauti kabisa. Mtafiti Mwitaliano Alberto Minetti alionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, kwamba gharama ya nishati kwa kila mita ya kupaa huwa ndogo kabisa pale njia inapokuwa na mwinuko wa takriban asilimia 25. Kwenye njia yenye mwinuko wa chini ya hapo mtembezi hutumia nguvu nyingi kusonga mbele tu, maana kila hatua mwili hujizuia kidogo na kuanza upya. Kwenye njia kali zaidi, miguu huanza kuteleza na mwili hupoteza mizani. Vijia vya zamani vya wachungaji katika Alpi viko karibu na kipimo hicho, ingawa waliovichora hawakuwa na kifaa chochote zaidi ya magoti yao. Anayepanda Stelvio kwa miguu kwa kufuata lami anajitaabisha bure. Kanuni ya William Naismith ya mwaka 1892, inayohesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupaa, ingempa mtu huyo karibu saa nane. Kijia kinachokata kona kinampunguzia kilomita nyingi, na kwake kilomita ndizo ghali.

Juu ya mita 2,200 hivi misitu ya misonobari huisha na nyasi za mlimani huanza. Hapo ndipo hewa nayo huanza kuhesabika. Kwenye pito mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 72 ya ule wa usawa wa bahari. Kiwango cha oksijeni katika hewa hakijapungua, bado ni asilimia 21, lakini kila pumzi inabeba molekuli chache zaidi. Mtu asiyezoea mwinuko hupoteza karibu asilimia 10 hadi 15 ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni, na hasara hiyo humkuta kwenye kilomita za mwisho, akiwa tayari amechoka. Aliyepanda kwa pupa kutoka Prato hulipa hapa. Joto nalo hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo penye nyuzi 25 kwenye bustani za tufaha bondeni, pito lina nyuzi 13, na upepo hulifanya lihisiwe baridi zaidi. Mionzi ya jua inayounguza ngozi, kinyume chake, huongezeka kwa kama asilimia 10 kila mita 1,000.

Bonde la Venosta, ambako Prato ipo, ni mojawapo ya mabonde makavu zaidi ya Alpi kwa sababu milima iliyolizunguka hunyang'anya mawingu mvua yake kabla hayajafika. Ukavu wa bonde usimdanganye mtu kuhusu pito. Siku za kiangazi jua hupasha miteremko, hewa yenye joto hupanda, mvuke hugeuka kuwa mawingu, na radi hupiga mchana. Asubuhi iliyo safi kabisa haimaanishi chochote kwa saa tisa alasiri.

Kushuka kunaonekana rahisi, lakini ndiko kunakoumiza. Jouli milioni 1.4 zilizowekwa wakati wa kupanda lazima zitoke mahali fulani. Mpandaji wa kilo 80 pamoja na baiskeli yake, akiiachia kwenye mteremko wa asilimia 7.5 huku ameketi wima, hufikia takriban kilomita 60 kwa saa kabla upepo haujaizuia kasi isiongezeke. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 8 haipitiki salama kwa zaidi ya kilomita 20 hivi kwa saa. Tofauti hiyo yote hugeuka joto kwenye breki, kona baada ya kona, mara 48. Anayezishika breki kidogo kidogo bila kuachia huzipa joto lisilopata nafasi ya kutoka, na rimu za nyuzi za kaboni zinazobanwa na breki za mpira zinaweza kulainika. Ni bora kubana kwa nguvu kabla ya kona, kisha kuachia kabisa ili upepo uzipoze. Mtembezi naye hana raha: misuli ya mapaja hurefuka huku inajikaza, nyuzi zake hupata michubuko midogo, na maumivu hufika kilele siku moja hadi tatu baadaye.

Mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia yalipita Stelvio kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Fausto Coppi, akiwa nyuma ya Mswisi Hugo Koblet, alishambulia kati ya kuta za theluji na kutwaa ubingwa. Tangu 1965 sehemu ya juu kuliko zote katika kila Giro huitwa kwa jina lake.

Kutoka kwenye pito, matembezi mafupi ya kupanda mita 86 hufika kwenye kilele cha Dreisprachenspitze, mita 2,843, panapokutana maeneo ya Kijerumani, Kiitaliano na Kiromanshi. Kabla ya 1919 hapa palikuwa pia mpaka wa dola tatu. Tangu Mei 1915 hadi Novemba 1918 wanajeshi wa Italia na Austria walipigania miinuko hii, Waaustria wakapandisha mizinga hadi kwenye mlima Ortler wenye mita 3,905, huku askari wa Uswisi wakilinda upande wao usioshiriki vita. Mahandaki na kuta za mawe za wakati huo bado zinaonekana kando ya vijia, na hazihitaji mwongozaji kuzitambua.

Mzunguko ulio mzuri zaidi kwa baiskeli, kwa maoni ya wengi na kwa haki, hutoka Prato hadi Stelvio, hushuka kilomita chache upande wa Bormio, kisha hugeukia pito la Umbrail, mita 2,501, lililo na barabara ya lami ya juu kuliko zote nchini Uswisi. Njia huteremka hadi Santa Maria katika bonde la Müstair, hupita monasteri ya Mtakatifu Yohane iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1983 kwa michoro yake ya ukutani ya zama za Charlemagne, kisha hurudi Italia. Uswisi iliingia eneo la Schengen mwaka 2008, kwa hiyo pasipoti haziangaliwi kwa kawaida. Lakini haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya, na mizigo inaweza kukaguliwa.

Theluji huifunga barabara ya Stelvio kwa karibu nusu mwaka, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi karibu na mwisho wa Mei. Siku moja kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, magari hupigwa marufuku na barabara huachiwa baiskeli. Nje ya siku hiyo pikipiki ni nyingi kuanzia saa nne asubuhi. Anayetaka kupanda kwa amani aondoke Prato alfajiri, na koti la kushukia asiliache nyumbani.